Vitambaa Vyeupe vya Kupimia Hewa

Juzi kijana wa jirani alichinja mbuzi, halafu akakichoma kichwa nje ya lango kwa kipande cha tairi. Siku hizi watu wana mitungi ya gesi ya kuchomea, lakini huyu hakuwa nayo, au aliona uvivu kwenda kuiazima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, nachambua mchele. Moshi ukanifikia. Moshi wa nywele za mbuzi na mpira vikiungua pamoja hauna ndugu yake, na ninyi wenzangu mliokulia Majengo, Shauri Moyo na kule kando ya mto mnaujua bila kuelezwa. Mjukuu wangu alikimbia kufunga madirisha, akaniita, "Nyanya, ingia ndani!" Sikuingia. Sikukohoa wala sikuhuzunika. Nilikaa na mchele wangu kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye foleni ndefu na hajaamua kama ataitika.

Basi acha niitike sasa, kabla sijasahau.

Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba. Alishuka Nairobi kutoka Murang'a akiwa na jina la kanisani, akamwona mama yangu kwenye mlango wa nyumba ya bibi kule Majengo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na jina la msikitini. Bibi hakumpa binti bure bure. Mchana baba alijenga Buruburu, wakati ule ndipo mtaa ulikuwa unainuka, mistari na mistari ya nyumba zinazofanana kama meno. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine, na hiyo aliifanya Jumapili na saa za jioni kukiwa bado na mwanga.

Alijenga nyumba kwa kuiga wadudu. Nasema hivyo kwa ufupi, naye angekasirika. Yeye alisema hajaiga mdudu, ameiga nyumba ya mdudu, na hizo ni habari mbili. Kila lori lilipomchukua kwenda machimbo ya mawe Njiru, wenzake wakisubiri mawe kwa kucheza drafti ya vizibo vya soda chini ya lori, yeye alizunguka nyikani akiangalia vichuguu. Njiru ya leo yenye maghorofa na saluni msiifikirie. Njiru ile ilikuwa majani makavu, mbuzi wa Wakamba na vichuguu virefu kuliko mtu.

Jumapili moja alinichukua. Sijui nilikuwa na miaka mingapi, bibi alihesabu umri kwa meno, na mimi nilikuwa nimeshamaliza kung'oka ya mbele. Jua lilikuwa kali hata ardhi inanuka kama sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni. Baba akavunja kichuguu kimoja ubavuni, kwa adabu kabisa, kama mtu anayebisha hodi, akaniambia, "Ingiza mkono, mamangu."

Aliniita mamangu kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwao mtoto wa kike wa kwanza ndiye huyo nyanya amerudi, kwa hivyo baba yangu hakuwahi kunigombeza kama watoto wengine wanavyogombezwa. Mtu hamfokei mamake. Lishikeni hilo, maana lina uzito wake hapa.

Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Umesikia nini?"

"Baridi."

"Nje je?"

"Joto."

"Basi. Wametuma barua serikalini? Wamesoma wapi? Na hawana hata kidirisha." Akacheka peke yake. Akanionyesha: hewa inaingia chini kwenye vitundu, inapanda ndani, inatokea juu. Joto la juu ndilo linaloivuta ile ya chini. Chini ni mdomo, juu ni shingo, na kichuguu kizima kinavuta pumzi kutwa kucha. "Nyumba ni mnyama," akasema. "Hizi tunazojenga Buruburu ni wanyama waliozibwa pua."

Aliyasema hayo hata kwa wakubwa, ndiyo shida yake. Siku moja alikuja pale kazini yule bwana aliyechora nyumba, na makaratasi yake yamekunjwa kwapani. Baba akaacha mwiko, akamfuata, akamwambia dirisha la nyuma limekaa vibaya, hewa haitapita. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akamwuliza, "Umesomea ujenzi wapi, fundi?" Baba akajibu, "Njiru." Na Njiru hapakuwa na shule hata ya chekechea. Wenzake walicheka wiki nzima, na toka siku hiyo jina lake likawa Fundi Kichuguu. Mpaka watoto wa mtaa walinishika nalo. "Niaje, mtoto wa mchwa! Leo mmekula mbao gani?" Mimi niliwatupia mawe, na nilikuwa na shabaha.

Lakini watu walimcheka na bado walimwita. Mama Halima alikuwa na jiko la kukaangia mahamri karibu na njia ya kwenda Gikomba, kibanda cheusi ndani kama chungu, macho yake mekundu mwaka mzima. Baba alimjengea jiko la duara la udongo, mdomo chini, shingo ndefu juu, na moshi wote ukawa unapanda kama umeitwa. Wateja wakaanza kukaa ndani kunywa chai, wanatoka nguo hazinuki. Mzee mmoja muuza maji, baba alimwekea paa la mabati lililopinda katikati kama jani la mgomba, lenye uti, mvua yote inateremka kwenye pipa moja bila mfereji. Kulikuwa na duka la mkaa, na banda la kuku ambalo kuku walikataa kutoka. Bibi alisema, "Mkwe wangu, wanaume wenzako wanatazama ghorofa, wewe unatazama wadudu. Haya, angalau kuku wamekuelewa."

Sasa mama.

Mama yangu aliitwa Zena na alikuwa na pumu. Tuliishi chumba kimoja katika nyumba ya bibi, nyumba za Majengo mnazijua, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kila mlango familia, na majiko ya makaa yamewekwa ukumbini. Hewa ya chumba chetu ilikuwa imeshapita kwenye vifua vya watu ishirini kabla haijatufikia. Baridi ya Julai ikija, mama alilala ameketi, ameegemea ukuta, na kifua chake kikipiga filimbi nyembamba. Mimi nilizaliwa nikaikuta filimbi hiyo. Nilidhani kila mama anapiga. Nilipolala kwa shangazi Shauri Moyo sikupata usingizi, nyumba ilikuwa kimya mno.

Baba aliamua kumjengea mama nyumba inayopumua. Bibi alimpa kipande nyuma ya ua, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni. Hakuongea sana juu yake. Aliomba tu lori la mawe limletee magunia ya udongo wa kichuguu kutoka Njiru, akaanza kuyarundika.

Lakini kwanza ilibidi kupima hewa. Hapa sikilizeni vizuri, maana njia hii sijaiona kwa fundi mwingine. Baba alisema ngozi kavu haijui upepo, ngozi iliyolowa ndiyo inajua. Kwa hivyo unakwenda mahali utakapojenga, unalowesha uso kwa maji, unafumba macho, unajizungusha polepole. Upande ule shavu linapopata ubaridi, hapo ndipo hewa inatoka. Kisha unaupangusa uso kwa kitambaa cheupe na unakianika upande huohuo. Kitambaa kinaeleza hewa imebeba nini. Kikiwa chekundu, vumbi. Kikiwa cheusi, moshi. Kikiwa safi, fungua mdomo wa nyumba hapo. Alikata kanzu yake kuukuu, akafanya vitambaa vingi vidogo. Chenye fundo moja ni cha asubuhi, mafundo mawili adhuhuri, mafundo matatu alasiri. Siku kumi.

Yeye alikuwa Buruburu mchana kutwa. Akanipa mimi.

"Uso wa mtoto ndio mzuri," akasema, "haujakauka na mji. Mimi pua yangu imekufa, mamangu, mimi nikinusa hapa nasikia Nairobi tu. Na mamako hawezi kusimama juani. Adhana ikilia, unatoka. Sawa?"

"Sawa, baba."

Siku ya kwanza nilifanya kama nilivyoambiwa. Asubuhi shavu lilipata baridi kutoka mtoni, kitambaa kikatoka safi. Adhuhuri kitambaa kikatoka na wingu kidogo. Alasiri nikatoka tena, nikalowesha uso, nikafumba macho, nikazunguka. Baridi ilikuwa nyembamba sana, bado upande wa mtoni. Nikajipangusa, nikatazama kitambaa. Cheusi. Cheusi kabisa, na kwenye ule weusi nikaona umbo la pua yangu na mashavu mawili.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni uchafu wangu.

Leo kila mtu atasema, si ule moshi, si wachoma vichwa walikuwa hapo chini mtoni, kila mchana wanachoma vichwa na miguu ya mbuzi ya kupeleka kwa wapika supu, kwa tairi? Ndiyo, walikuwapo. Lakini sisi tulizaliwa ndani ya moshi ule. Haukuwa moshi, ulikuwa mchana. Na mama alinigombeza uso kila siku, "Wewe binti, uso huo umeuazima kwa makaa?" Kwa hivyo nilipoona kitambaa cheusi nilijua kimeniumbua mimi. Baba atakiona, atajua mamake ni mchafu. Nilikwenda mferejini nikakifua, pamoja na kile cha adhuhuri, kwa sabuni ya kipande mpaka kikawa cheupe, nikakianika na mafundo yake matatu.

Siku ya pili nikapata akili, na akili hiyo niliifuata mpaka siku ya kumi. Asubuhi, nikiwa nimetoka kuoga, uso unang'aa, nilipangusa vitambaa vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Adhuhuri ilipolia, nikaenda kuning'iniza cha pili na cha tatu pamoja. Alasiri ilipolia sikwenda hata kuning'iniza, nilikuwa nimeshaviweka vyote. Nilikuwa uwanjani na wasichana wenzangu, tunacheza kati, mpira wa soksi na matambara, mimi niko katikati nakwepa huku na huku, hawanipati. Sitaki kudanganya, kwa hiyo niseme yote: nusu ilikuwa aibu, nusu ilikuwa kati.

Na kulikuwa na jambo lingine nililoliamini. Niliamini upepo una kwao, kama mtu. Ukishamkuta asubuhi mlangoni kwake, kwa nini uende tena mchana kumwuliza anaishi wapi?

Siku ya kumi baba alivikusanya vitambaa thelathini, akaviweka kwenye mkeka, akavitazama akiwa amechuchumaa. Vyote vyeupe. Vyote upande wa mtoni. Sijawahi kumwona mtu ana furaha hivyo kwa ajili ya matambara. Alimwita bibi. "Mama mkwe, njoo uone. Hewa safi, asubuhi mpaka alasiri, upande mmoja. Hata Njiru hakuna hewa kama hii."

Bibi akatazama, akakunja mdomo. "Majengo hii hii?"

"Majengo hii hii."

"Haya. Labda Mungu ametukumbuka."

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alinitazama mimi, hakuvitazama vitambaa.

Nyumba ile ilichukua miezi. Kuta zilikuwa mbili, moja ndani ya nyingine, katikati nafasi ya kupita mkono. Udongo wa kichuguu ulichanganywa na jivu na majani yaliyokatwa, baba akaukanyaga kwa miguu jioni baada ya jioni, akapaka kwa viganja mpaka kuta zikawa laini kama kibuyu. Upande wa mtoni, chini kabisa, akaacha mdomo mpana wenye chekeche la vijiti. Juu akainua shingo yenye vitundu. Watu walikuja kusimama. "Fundi, malkia wa mchwa anahamia lini?" Naye, kwa furaha ile, alijibu, "Malkia ni Zena, hamumjui?"

Tulihamia mvua za masika zikiwa zimeanza. Na nyumba ilipumua. Ukiweka karatasi mbele ya ule mdomo, ilinyonywa, ikabandika kwenye vijiti. Ndani kulikuwa na hewa ya ubaridi inayopita miguuni kama paka. Mama alilala chali. Narudia, alilala chali, kama watu. Filimbi ikanyamaza. Mimi niliamka asubuhi ya kwanza nikamshika pua kuona kama yuko hai, akafungua jicho moja, "Unataka kuniua, binti?" Majirani walileta wagonjwa wao wa kifua waje wakae kidogo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa viatu vya soli nene na suruali pana za wakati ule, alikuja kucheka, akakaa, akasinzia. Baba hakutembea siku hizo, alielea. Alianza kuongea juu ya mtaa mzima wa nyumba kama ile, kando ya mto, mpaka Gikomba.

Masika yalikatika. Ukingo wa mto ulikauka, na wachoma vichwa, ambao mvua ilikuwa imewafukuza kwenda kujibanza sijui wapi, wakarudi na tairi zao.

Ile nyumba haikuwa na kosa. Hilo ndilo ninalotaka mlijue. Ilifanya kazi yake sawasawa. Jua la mchana liliipasha joto shingo, shingo ikavuta kwa nguvu, mdomo ukafunguka mtoni na ukanywa kila kilichokuwa pale. Chumba chetu cha zamani kilikuwa kibaya lakini kivivu, moshi ulipita juu yake. Nyumba hii ilikuwa na bidii. Alasiri moja nilirudi kutoka kwenye kati nikakuta ndani kuna giza la kijivu, na mama yuko sakafuni kwa magoti, mikono kwenye vijiti vya ule mdomo, akitafuta hewa palepale ulipokuwa unaingia moshi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilipiga kelele, bibi akaja, tukamburuta mpaka uani.

Baba alipofika, mama alikuwa ameegemea ukuta wa zamani, filimbi inalia. Alichuchumaa mbele yake. Akanigeukia.

"Mamangu. Vile vitambaa vya alasiri. Uliupangusa uso alasiri?"

"Ndiyo, baba."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa polepole. Hakuna shaka iliyopita usoni pake, hata ndogo, nilikuwa namtazama. Akasema, "Basi ni mimi. Mchwa wana akili, mimi sina."

Alijaribu. Mdomo ule ulikuwa mpana na ukuta wote ulikuwa umefuata pale, huwezi kuuhamisha. Alining'iniza gunia lililolowa, moshi ukapita. Aliziba nusu, nyumba ikawa tanuri. Alikwenda kuwasihi wachoma vichwa, wakamwambia kwa upole, "Fundi, sisi tulikuwa hapa kabla ya nyumba yako." Na ilikuwa kweli. Mwishoni aliuziba mdomo wote kwa matofali ya Buruburu, mraba, mistari imenyooka kabisa, na tukarudi kwenye chumba chetu cha ukumbini. Bibi akaigeuza ile nyumba kuwa stoo ya kuni. Watu waliacha kumwita Fundi Kichuguu. Mtu anapokosea kitu kidogo anachekwa, anapokosea kikubwa watu wanamwamkia vizuri. Hata wale watoto walinisalimia.

Mama alizidiwa mara tatu mwaka huo. Bibi akakata shauri apelekwe Mombasa kwa khalati yake, dada yake bibi, kwenye hewa ya joto, mpaka kifua kitulie. Mwezi mmoja tu, walisema.

Tulimsindikiza stesheni. Baba alikwenda kutafuta nafasi ya dirishani, mimi nikabaki na mama kwenye benchi, kikapu miguuni. Alikuwa anaongea kwa maneno mafupi, anavuta kati ya neno na neno.

"Kila alasiri," akasema, "nilikuwa nasikia sauti yako uwanjani."

Nikatazama kikapu.

"Adhana inalia, na wewe uko kwenye kati. Nilisema atakwenda. Nikalala. Nilikuwa nimechoka." Akavuta. "Na mimi ningeweza kusema. Sikusema. Ameshafurahi, nikaona labda Mungu atasaidia."

"Utamwambia?"

"Mimi sitamwambia. Langu nitaenda nalo. Lako ni lako, wewe ndiye utamwambia. Anadhani kichwa chake kimeharibika." Akanishika kidevu, akanifuta mdomo kwa ncha ya leso, kama kawaida. "Uso huo."

Baba akaja akasema dirisha limepatikana. Mama akapanda. Sikulia. Bibi alinisifu mbele ya watu kwamba mimi ni jasiri, nikakubali sifa hiyo nayo.

Mombasa mama alipona. Alituandikia kwa mkono wa mtu, kwamba analala chali. Alirudi mara mbili kutuona, na mara zote mbili wiki haikuisha kabla ya filimbi. Mara ya tatu hakuja. Hakufa, hakuolewa na mwingine, hawakugombana. Alibaki tu mahali anapopumua, na baba akabaki mahali penye kazi, na barua zikawa chache kama mvua ya Januari. Watu wakiniuliza uchungu wake ulikuwaje siwezi kuwajibu. Ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya. Unajua ni wako, unauona pale, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine.

Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Nilisema nitamwambia Idi. Idi ikapita. Nilimwona akienda Buruburu na kurudi Buruburu, anapanga tofali juu ya tofali, hatazami kichuguu, hatazami hata ndege. Alipoulizwa na yeyote juu ya ujenzi alijibu, "Waulize waliosoma."

Halafu akaja Mzee Mutiso.

Huyu alikuwa na mbuzi na kipande cha ardhi Njiru, karibu na machimbo, na alimfahamu baba tangu siku zile za kuzungukazunguka nyikani. Alikuja jioni moja ya Julai, kofia mkononi, bibi akamkaribisha, mimi nikapika chai. Alikuwa amekula mahamri kwa Mama Halima siku hiyo.

"Fundi, lile jiko bado linavuta," alisema. "Nimekaa saa nzima, hata chozi."

"Jiko ni dogo," akasema baba.

"Mimi nataka kubwa. Nyumba. Mke wangu ana kifua kama cha mama ya huyu. Nataka umjengee nyumba kama ile."

"Ile ilimfukuza mke wangu mjini."

"Ile ilikuwa hapa. Kule kwangu hakuna jirani, hakuna tairi, kuna upepo na mbuzi. Hata udongo sitakuletea kwa lori, uko mlangoni." Mzee akasogeza kiti. "Fundi, nimefikiri sana. Labda nyumba haikukosea. Labda mlipima vibaya."

Baba akaweka kikombe chini. Nilikuwa nimesimama na birika kati yao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama aondoke kuona jicho lake limeamka, na liliamka kwa sababu ya kunitetea.

"Hatukupima vibaya. Kupima kulikuwa sawa. Aliyepima ni huyu, siku kumi, mara tatu kwa siku, na huyu hakosei. Huyu ni mamangu. Muulize mwenyewe."

Mzee Mutiso akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu mwema, umechanika kwa jua. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeacha mlango wazi ili upite bila kusukumwa.

"Ati ni kweli, msichana? Ulipima kila saa?"

Birika lilikuwa zito. Nilimwona baba ananitazama, hana wasiwasi hata kidogo, tayari ameshajua jibu.

"Ni kweli," nikasema.

"Unaona," baba akasema. "Kosa ni langu. Mimi ni fundi wa matofali, Mzee Mutiso. Tafuta aliyesoma."

Mzee alimaliza chai yake yote, kwa heshima. Akavaa kofia, akaaga, akatoka ukumbini, na mlango wa mbele ukabaki nusu wazi nyuma yake. Baba alibaki amekaa, mabega yamejikunyata ndani ya koti la kazi.

"Mamangu," akasema, "funga mlango. Baridi inaingia."

Nikafunga.